Je, Hayo Ni Maneno Yako au Ya Gazeti?



Jioni moja, katika nyumba ya watu ninaowafahamu vizuri, mke na mume walikuwa wakibishana juu ya pesa. Watoto walikuwa wamekwisha lala. Ugali ulikuwa umebaki kwenye sufuria kwa sababu hakuna aliyekuwa na hamu ya kula. Bwana alikuwa ametuma pesa nyumbani kwao, kwa mama yake, bila kumwambia mkewe, na mke alikuwa amegundua.

Mke akasema, "Wewe mama yako ndiye mke wako wa kwanza. Mwanamume asiyemthamini mkewe hana msimamo. Na ndoa isiyo na mawasiliano ni ndoa iliyokufa."

Bwana akamtazama kwa muda, kisha akajibu kwa sauti ya chini, "Hayo si maneno yako, mama watoto. Hayo umeyasoma mahali. Usiku huu sijui kama ninazungumza na mke wangu au na gazeti."

Mke alinyamaza. Alikasirika zaidi kwa sababu alijua kwamba bwana hakukosea. Siku chache zilizopita alikuwa amesoma katika ukurasa wa ushauri barua ya mwanamke mwenye shida kama yake, na jibu aliloisoma lilimkaa moyoni. Waliponisimulia habari hii (nao wamenikubalia niiandike, mradi nisitaje majina yao) mimi pia niliona haya kidogo. Yale maneno kuhusu ndoa na mawasiliano nimekwisha yaandika mwenyewe, tena zaidi ya mara moja.

Basi leo tutafakari jambo hili. Wengi wetu tumejifunza kusema juu ya mapenzi na ndoa kutoka kwa watu wanaojibu barua magazetini, na siku hizi pia redioni. Je, ni haki kumhukumu mwenzako kwa maneno ya mtu asiyemjua? Na kwa upande mwingine, je, tungeweza kusema lolote kama tusingeazima maneno?

SHANGAZI WA ZAMANI

Kabla ya magazeti watu walikuwa na washauri wao. Katika jamii zetu nyingi, dada ya baba ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kumwambia binti yale ambayo mama mzazi aliona haya kuyasema. Kwa jirani zetu Waganda anaitwa ssenga, na kazi yake ya kumfunda msichana inajulikana hadi leo. Huku kwetu pwani kulikuwa na somo, au kungwi, aliyemfunda mwari mambo ya unyumba.

Tazama mambo mawili kuhusu washauri hao. Kwanza, walimjua mtu wanayemshauri. Shangazi aliijua hasira ya msichana tangu utotoni, na aliujua ukoo anaokwenda kuolewa. Ndoa ikiyumba, yeye mwenyewe aliitwa kwenye kikao akaulizwa, "Ulimfundisha nini huyu?" Aliwajibika kwa ushauri wake. Pili, maneno yake hayakuwa ya watu wote. Mengi yalisemwa kwa mafumbo, faraghani, na aliyefundwa hakuyatoa nje.

Hata hivyo, tusimsifu shangazi wa zamani kupita kiasi. Wengi wao walikuwa na dawa moja tu kwa kila ugonjwa: vumilia. Msichana aliyerudi kwao na jicho lililovimba aliambiwa avumilie, na yule aliyenyimwa chakula aliambiwa vivyo hivyo. Neno hilo limejenga nyumba nyingi, nalo pia limezika watu. Kumbe hata neno lililotoka kwa mtu anayekujua laweza kuwa neno la kukariri.

SHANGAZI WA GAZETI

Mwaka 1691 mjini London, mchapishaji mmoja aitwaye John Dunton alianzisha gazeti lililoitwa The Athenian Mercury. Wasomaji walituma maswali yao bila kutaja majina: juu ya elimu ya maumbile, juu ya dini, na juu ya mapenzi na ndoa. Waliambiwa kwamba majibu yanatoka kwa chama cha wataalamu. Kwa kweli walikuwa Dunton na wenzake wachache. Basi tangu mwanzo kabisa mambo yalikuwa hivyo: muulizaji hana jina, na anayemjibu amevaa jina lisilo lake.

Jambo hilo limeendelea. Huko Marekani, mnamo 1943, gazeti moja la Chicago lilibuni jina la Ann Landers kwa ajili ya mwandishi wake wa ushauri. Mwandishi huyo alipofariki mwaka 1955, jina lilirithiwa na mwanamke mwingine, Eppie Lederer, aliyelitumia mpaka alipokufa mwaka 2002. Majibu yake yalichapwa katika magazeti zaidi ya 1,000. Barani kwetu, jarida la Drum, lililoanzia Afrika Kusini na kufika hadi Afrika Mashariki, lilikuwa na ukurasa wa Dear Dolly ambao vijana wa miaka ya 1960 na 1970 waliupenda sana. Dolly alikuwa mwanamke kwa jina, lakini waliomwandikia majibu yake walikuwa waandishi wanaume.

Na hapa Kenya, wasomaji wa Taifa Leo wana Shangazi wao. Barua zinaanza kwa salamu ya heshima, "Shikamoo, Shangazi," kana kwamba mwandishi ameketi mkekani nyumbani kwa dada ya baba yake. Wako vijana wa mijini ambao hawajawahi kukaa na shangazi wa damu hata saa moja wakazungumza mambo ya ndoa. Kwao neno "shangazi" limebadilika maana. Ni mtu wa gazetini.

Simlaumu mwandishi yeyote. Anaandikiwa barua ya aya mbili, na ya upande mmoja. Yule anayelalamikiwa hajaulizwa kitu. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, naye mwandishi hana budi kujibu juu ya vitanda asivyovilalia, kila wiki, kwa maneno machache. Ndiyo maana majibu mengi huishia kuwa maneno ambayo yangeweza kumfaa mtu yeyote. Na kwa kuwa yanamfaa yeyote, yanakaririka kwa urahisi. Tunayabeba mpaka sebuleni, mpaka jikoni, mpaka kitandani.

NENO LISILOULIZA KITU

Hebu tulitazame neno moja tu: "uhusiano". Wazee wetu walikuwa na maneno mengi juu ya mwanamume na mwanamke. Walisema: amemposa, ni mchumba wake, amemwoa, amemtorosha, ni hawara yake. Kila neno hapo lilikuja na swali lake. Ukisema "mchumba", watu huuliza: je, wazazi wanajua? Ukisema "nimeoa", huuliza: mashahidi walikuwa nani? Hata "hawara" ni neno lenye swali ndani yake: mkewe yuko wapi?

Leo soma barua za ushauri, au sikiliza vijana garini. "Tuko kwenye uhusiano kwa miaka mitatu." Huwezi kujua kama ni wachumba, au wameoana, au mmoja wao ana ndoa kwingine. Neno "mpenzi" nalo ni hivyo hivyo. Ni maneno mazuri, wala si matusi. Lakini hayaulizi kitu, na mtu anaweza kukaa ndani yake miaka kumi bila kuulizwa anakwenda wapi. Nimewahi kuzungumza na dada mmoja aliyezaa watoto wawili "kwenye uhusiano". Siku mwanamume alipooa mwanamke mwingine, alishindwa hata kueleza amekosewa nini. Hakuwa ameachwa, kwa maana hakuwa ameolewa. Neno alilopewa halikuwa na mlango wa kumtolea malalamiko yake.

Tazama tena msemo huu: "Hisia zangu kwake zimekwisha." Zamani mtu angesema, "Nimemchoka." Ni neno kali, lakini ni la kweli, kwa maana linamweka msemaji mahali pake: mimi ndiye niliyechoka, na mtu anaweza kuniuliza kwa nini. Katika "hisia zimekwisha", mimi sikufanya kitu. Hisia zenyewe ndizo zilizokwisha, kama unga unavyokwisha kwenye debe. Hakuna wa kuulizwa. Ndiyo sababu nasema kwamba jinsi tunavyosema si jambo dogo. Sentensi inaweza kumtoa mtu katika kosa lake bila yeye mwenyewe kujua.

JINA TAMU LA KOSA CHUNGU

Mwishoni mwa miaka ya 2000, matangazo ya kupambana na Ukimwi hapa nchini yaliwahimiza watu waache "mpango wa kando". Nia ilikuwa njema. Watu wengi walikuwa wakiambukizwa wakiwa katika ndoa, na ilibidi jambo hilo lisemwe hadharani, kwa neno ambalo baba angeweza kulisikia redioni mbele ya watoto wake bila kuzima redio.

Lakini neno likishatoka kinywani, mwenyewe hana mamlaka nalo tena. "Mpango wa kando" liliingia katika kurasa za ushauri, katika vipindi vya asubuhi vya redio, katika matatu na harusini. Watu walilipenda. "Uzinzi" ni neno zito na "hawara" linachoma, lakini nani atachomwa na "mpango"? Mtu mwenye mpango ni mtu mwenye akili. Tangazo lililotaka jambo hilo liachwe likawa ndilo lililolipa jina la kuchekesha. Baadaye tukapata "sponsa", jina la mzee anayemlipia msichana kodi ya nyumba, kana kwamba ni mfadhili wa timu ya mpira. Majirani zetu Watanzania nao, katika miaka ya 2010, walihimizwa wabaki njia kuu na kuacha "michepuko". Na huko pia "mchepuko" likawa neno la mzaha.

Msomaji mmoja anaweza kuniuliza: je, si heshima kutumia neno laini? Kiswahili kina tafsida. Hatusemi kila jambo kwa jina lake mbele ya wakwe na watoto. Ni kweli, na swali hilo ni zuri. Ila tafsida ya kweli humlinda anayesikia asione haya, au humlinda aliyeumia asitoneshwe kidonda. Basi ukisikia neno laini, jiulize: ni nani anayelindwa na ulaini wake? Tunaposema "marehemu" tunamlinda mfiwa. Tunaposema "mpango wa kando", anayelindwa ni yule aliyekosa. Mke aliyeachwa akilia nyumbani hajawahi kusema, "Mume wangu ana mpango wa kando." Yeye husema, "Mume wangu ana mwanamke." Hapo ndipo utakapoona tofauti.

NENO LINALOOKOA

Ningeishia hapa ningekuwa nimekudanganya kwa kukueleza nusu ya mambo. Upo upande mwingine, nao una uzito.

Mama mmoja alipigwa na mumewe kwa miaka mingi. Mume alikiita kipigo hicho "kukurekebisha", na mama alikubali jina hilo, kwa sababu hata mama yake mzazi alilitumia. Siku moja alisoma katika ukurasa wa ushauri barua ya mwanamke wa mji mwingine, iliyoeleza nyumba kama yake. Mwandishi akamjibu mwanamke yule kwamba jambo hilo linaitwa dhuluma, na kwamba hakuna mtu aliyepewa ruhusa ya kumfanyia. Mama yule aliniambia, "Nilisoma mara tatu. Nikasema, kumbe lina jina."

Kumbe lina jina! Nafikiri hakuna mwandishi wa ushauri anayeweza kupata sifa kubwa kuliko hiyo. Jambo lisilo na jina huonekana kuwa ni la kawaida, au kuwa ni kosa la anayeumia. Likipata jina, linaweza kusemwa kwa ndugu, kwa mzee wa kanisa, kwa chifu, kwa polisi. Tangu 2015 nchi yetu ina sheria ya kuwakinga watu dhidi ya dhuluma za nyumbani, nayo haihesabu kipigo tu. Inataja pia mateso ya moyoni na ya kiuchumi. Yeyote anayesoma haya naye anapigwa nyumbani, asingoje mpaka apate maneno mazuri ya kumweleza mumewe, wala aibu ya majirani isimzuie. Atafute kwanza mahali pa usalama, yeye na watoto, kisha maneno yatafuata.

Kwa hiyo siwezi kusema, "Tupeni kurasa za ushauri." Neno la mgeni limewahi kuwafungua watu ambao maneno ya nyumbani yaliwafunga.

SWALI LA MAMA WA CHICAGO

Turudi kwa Eppie Lederer, yule aliyeitwa Ann Landers, kwa sababu maisha yake yana funzo kwetu. Maneno yake mengi yaliingia katika Kiingereza cha kila siku cha Wamarekani. Aliyejidanganya juu ya mumewe alimwambia aamke anuse harufu ya kahawa, yaani afungue macho, kwani kumekucha. Na wake waliomuuliza kama waondoke au wabaki, alizoea kuwataka wajiulize swali moja: je, una nafuu ukiwa naye, au ukiwa bila yeye?

Swali hilo lilienea sana, nasi tumelisikia hata huku. Lina nguvu yake. Mwanamke ambaye hajawahi kuulizwa na mtu yeyote kama yeye mwenyewe ana raha au hana, swali hilo humwinua kichwa. Lakini likifanywa kuwa mizani ya kila ndoa, tazama linapima nini. Linampima mtu mmoja tu, yaani anayeuliza. Watoto hawamo. Ahadi haimo. Mume aliyepatwa na kiharusi, anayelishwa kwa kijiko, hawezi kufaulu mtihani huo hata siku moja. Na mume tajiri anayemdharau mkewe anaweza kuufaulu vizuri sana, kwa sababu karo imelipwa na gari lipo mlangoni.

Lederer mwenyewe aliolewa mwaka 1939, yeye na dada yake pacha siku moja, katika harusi moja. Dada huyo naye akaja kuwa mwandishi maarufu wa ushauri, kwa jina la Dear Abby, na inajulikana kwamba mapacha hao walinuniana kwa miaka kadhaa huku kila mmoja akiwafundisha wasomaji wake kupatana na ndugu zao. Kinyozi hajinyoi. Kwa miaka mingi pia Lederer alikuwa akiwasihi watu wasikimbilie talaka. Kisha, mnamo Julai 1975, baada ya miaka 36 ya ndoa, aliwaandikia wasomaji wake kwamba yeye na mumewe wanaachana. Hakueleza sababu. Alikiri kwamba yeye, aliyekuwa na jibu la kila swali, kwa swali hili hana jibu. Akaomba wahariri waache sehemu iliyobaki ya safu yake ikiwa tupu, bila maneno, kwa ajili ya kuikumbuka ndoa ile.

Nimelifikiria sana jambo hilo. Alikuwa na maneno maarufu kuliko mwandishi yeyote wa ushauri. Angeweza kujiuliza swali lake mwenyewe akalichapa pamoja na jibu. Hakufanya hivyo. Ndoa ilipokuwa yake, maneno aliyowapa watu kwa miaka 20 hayakumtosha, naye alikuwa mkweli kiasi cha kuacha karatasi nyeupe. Wasomaji hawakumcheka. Walimwandikia barua kwa maelfu, za kumpa pole. Nadhani walitambua kwamba siku hiyo, labda kwa mara ya kwanza, walikuwa wamesoma habari za ndoa yenyewe.

TURUDI JIKONI

Sasa turudi kwa wale wawili na ugali wao uliopoa. Baada ya kimya kirefu bwana alisema, "Haya. Niambie kwa maneno yako mwenyewe, ni kitu gani kinakuuma?"

Mke alichukua muda. Kisha akasema, "Mwezi wa nne nilipougua, uliniambia pesa hakuna, nisubiri mwisho wa mwezi ndipo niende hospitali. Nikasubiri. Wiki hiyo hiyo ulimtumia mama pesa za mabati. Niliuona ujumbe kwenye simu yako. Sikukuambia."

Hakuna gazeti ambalo lingeweza kumwandikia maneno hayo. Humo hamna "kuthamini", hamna "msimamo", hamna "mawasiliano". Kuna mwezi, kuna ugonjwa, kuna mabati. Na kwa sababu hiyo bwana hakuweza kuyakwepa. Kwa maneno ya gazeti angeweza kujibu kwa maneno mengine ya gazeti, na wangekesha. Kwa haya alibaki na jambo moja tu la kusema, nalo lilikuwa la aibu: "Nilijua wewe utakubali kusubiri. Mama asingekubali."

Hawakukumbatiana usiku huo. Walikubaliana kwamba pesa yoyote isitoke nyumbani bila wote wawili kujua, na bwana alivunja makubaliano hayo angalau mara moja kabla ya kuyazoea. Lakini mke aliniambia jambo ambalo sikulitarajia. Alisema, "Kama nisingeisoma ile barua gazetini, nisingefungua mdomo kabisa. Nilikuwa nimekaa na neno hilo la hospitali tangu mwezi wa nne."

Hapo ndipo nilipopata jibu langu, na ndilo ninalokupa leo, mpenzi msomaji. Maneno ya kuazima yanaweza kubisha hodi. Kuingia ndani hayawezi. Mtu akiyatumia kuanza kusema, amefanya vyema. Akiyatumia kumaliza, amemhukumu mwenzake kwa ushahidi wa mtu ambaye hakuwapo.

MAMBO MATATU YA KUZINGATIA

Kwanza, kila neno la ushauri lirudishe nyumbani kwako. Umesoma kwamba mume wa namna fulani "hana msimamo". Vyema. Basi taja siku aliyokosa msimamo, na jambo alilofanya. Ukishindwa kuitaja, liweke neno hilo chini. Pengine ni la nyumba nyingine.

Pili, neno likupime wewe kwanza. Tuna desturi ya kusoma ukurasa wa ushauri tukimtafuta mwenzetu humo. Mume husoma habari za mke mgomvi akatikisa kichwa, na mke husoma habari za mume mlevi akaukata ukurasa auweke mezani. Hebu siku moja soma barua kama kwamba wewe ndiye unayelalamikiwa.

Tatu, kosa liitwe kwa jina ambalo aliyekosewa atalitambua. Kama hujui utumie neno gani, muulize yeye analiitaje. Jina atakalokupa laweza kuwa kali, lakini ukilikubali, mazungumzo yameanza.

MASWALI YA KUJADILIANA MKE NA MUME

1. Kuna neno au msemo gani ambao kila mmoja wetu hupenda kuutumia tunapogombana? Tuliutoa wapi?

2. Ni jambo gani ambalo nimekaa nalo moyoni kwa sababu sijapata maneno yake?

3. Je, nyumbani mwetu kuna kosa tunaloliita kwa jina laini? Jina hilo linamlinda nani?

Yajadilini polepole, tena si mnapokuwa na hasira. Na kama katika kujadiliana mtaona kwamba haya niliyoyaandika hayalingani na nyumba yenu, yaacheni, mseme yenu. Mimi sikuwapo.

Hadi wakati mwingine, nawatakia amani nyumbani.